Tangu Mwanzo

Meza yangu iko nje ya ukuta wa mahakama, Erode,
chini ya turubai la buluu lenye matundu matatu.
Herufi moja ya mashine imevunjika shingo,
naimalizia kwa kalamu.
Rupia arobaini ukurasa, nakala ni kumi.

Leo kaja Valliammal, manjano imemwingia hadi ndani ya kucha.
Magunia sitini kampa Palanivel, dalali wa sokoni,
kwa hundi ambayo benki imeirudisha mara mbili.
"Andika," anasema, "ni mwizi."
Si mwizi, mama.
Mwizi huchukua. Huyu ulimpa mwenyewe,
ukamsaidia kupakia,
na chai ukamtilia.
Ananitazama kana kwamba fedha nimekula mimi.

Sheria haiulizi kwanza umepoteza magunia mangapi.
Inauliza: alisema nini?
Alijua si kweli?
Ni neno hilo lililokufungulia ghala,
au ungelifungua hata bila neno?
Na zaidi ya yote: asubuhi ile,
kalamu yake ilipogusa hundi,
moyo wake ulikuwa umekwisha kutoroka,
au ulitoroka baadaye, bei ilipoanguka?

Maana ahadi ni deni,
na deni si jinai.
Aliyetaka kulipa akashindwa
mpeleke jengo lile la pili, la madai,
ambako kesi hurithiwa na wajukuu.
Aliyeahidi huku akijua hatalipa,
huyo ndiye wetu.
Zamani namba yake ilikuwa mia nne na ishirini,
watoto waliitana hivyo wakiibiana gololi.
Sheria mpya imempa namba nyingine;
tusi limekataa kuhama.

Basi naandika maneno mawili
ambayo wakili Dharmaraj hunikumbusha kila siku,
kwani bila hayo faili hutupwa kabla ya chakula cha mchana:
tangu mwanzo.
"Mshtakiwa, tangu mwanzo, hakuwa na nia ya kulipa."

"Umejuaje?" anauliza Valliammal.
Ananiuliza mimi, yeye aliyetapeliwa.
"Alicheza na mjukuu wangu. Alimletea pipi za ufuta.
Labda siku ile alikuwa mkweli."

Vidole vinaning'inia juu ya herufi.
Maneno hayo nimeyapiga mara elfu ngapi?
Hakuna mlalamikaji aliyewahi kuyakataa.

Mashine hii niliinunua kwa bangili za dada yangu.
Poongodi alizivua moja moja, kwa sabuni,
nami nikamwambia: kabla ya Pongal zitarudi.
Pongal ishirini na mbili zimepita.
Kila mwaka hunipakulia wali wa sukari guru,
na mikono yake haitazami.
Nimejaribu kurudi siku ile,
kusimama mlangoni pa jiko, nijione
nikisema "kabla ya Pongal."
Povu naliona.
Dhahabu naiona ikiteleza kwenye kifundo.
Uso wangu siuoni.

"Andika basi," anasema, "lakini hilo la mwanzo
liandike kwa penseli."
Mahakama haipokei penseli, mama.
Ananyamaza. Lori la manjano linapita,
vumbi linatua juu ya jina la Palanivel
na juu ya jina lake pia.
Anahesabu noti, themanini na kumi ya nakala,
kila moja ina alama ya kidole.
Kutia sahihi, anasema, atakuja Jumatatu.

Karatasi nimeiwekea jiwe.